Kadi za Vinywaji kwenye Meli ya Kitalii: Je, Inafaa Kuzilipia Kabla ya Safari?

Swali: Mimi na mume wangu tumelipia safari ya usiku 7 kwa meli ya kitalii. Siku 4 meli itatia nanga bandarini na siku 3 tutashinda baharini. Wakala aliyetukatia tiketi anatuhimiza tulipie kabisa kadi za vinywaji kabla ya kuondoka, akisema bei za baa za melini ni kubwa na tusipofanya hivyo tutajuta. Mume wangu hunywa bia, kama nne hivi kwa siku akiwa mapumzikoni. Mimi hupenda kahawa nzuri mara mbili kwa siku, soda mbili, na mara moja moja glasi ya mvinyo wakati wa chakula cha jioni. Je, kadi hizo zitatufaa?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa jinsi ulivyoeleza mnavyokunywa, kadi kubwa ya pombe haitawafaa, na ningewashauri msiinunue hata kama wakala atawapunguzia bei. Kadi ndogo ya kahawa, ikiwa meli yenu inayo, inaweza kukufaa wewe. Nimelitanguliza jibu ili usihangaike kulitafuta, lakini nakuomba unifuate katika hesabu pia, kwa sababu ndiyo utakayomwonyesha wakala wenu, na kwa sababu ratiba ya safari ikibadilika kidogo tu jibu lenyewe linaweza kugeuka.

Kwanza tuelewane juu ya kinachouzwa. Watu husema "kadi ya vinywaji" wakiwa na maana ya vitu vitatu visivyofanana, na nimeona wengi wakilipia kimoja huku wakidhani wamelipia kingine. Kipo kifurushi cha siku, ambacho unalipia kiasi maalumu kwa kila siku ya safari kisha unakunywa bila kulipa tena, mradi usivuke kikomo kilichowekwa. Ipo kadi ya idadi, kama ile ya kahawa ya kampuni ya meli ya Royal Caribbean, inayokupa vikombe 15 vya kahawa za mashine utakazokunywa kwa wakati wako. Halafu ipo kadi ya salio, ambayo unaweka fedha mapema na kampuni inakuongezea kiasi juu yake; Virgin Voyages huuza ya namna hiyo, na salio ambalo hukulitumia hadi mwisho wa safari halirudishwi. Katika ya kwanza umelipia siku, katika ya pili vikombe, katika ya tatu fedha. Siku hupita uwe umekunywa au hukunywa, ilhali kikombe hukusubiri hadi utakapokihitaji, na ndiyo maana kifurushi cha siku kinahitaji tahadhari kubwa kuliko hizo nyingine mbili. Nina hakika wakala wenu anazungumzia hicho, kwa kuwa ndicho ghali na ndicho kinachosukumwa kwa nguvu zaidi.

Sasa tukokotoe. Nitatumia bei za mfano zilizo karibu na zile unazozikuta kwenye meli nyingi zinazotoza kwa dola za Marekani. Wewe utaweka za meli yako mahali pake. Tuseme kifurushi cha pombe ni dola 70 kwa mtu kwa siku. Juu ya hapo huongezwa tozo ya huduma, ambayo kwenye meli nyingi za Marekani ni asilimia 18 au 20. Tukichukua 18, siku moja inakuwa dola 82.60, siku 7 zinakuwa dola 578.20 kwa mtu mmoja, na kwenu wawili dola 1,156.40. Tangazo linaonyesha 70 tu. Hiyo 1,156.40 mtakutana nayo wakati wa kulipa.

Upande wa pili tuweke matumizi yenu bila kadi. Bia moja dola 8, na tozo yake inakuwa 9.44. Mume wako akinywa bia 4 katika kila siku ya baharini na 2 katika kila siku ya bandarini, atakuwa amekunywa 20, sawa na dola 188.80. Kahawa zako mbili kwa siku kwa dola 5, pamoja na tozo, ni dola 82.60 kwa safari nzima. Soda mbili kwa siku kwa dola 3.50 ni dola 57.82. Glasi tatu za mvinyo kwa dola 12 ni dola 42.48. Jumla yote ni dola 371.70, ambayo haifiki hata theluthi moja ya bei ya kadi mbili. Ukinunua kadi hizo, utakuwa umetoa dola 784.70 zaidi kwa vinywaji vilevile.

Wakala anaweza kukujibu kwamba mkiwa na kadi mtakunywa zaidi. Hapo yuko sahihi, na hapo hapo ndipo hasara ilipo. Gawanya bei ya kifurushi kwa bei ya kinywaji, 70 kwa 8, utaona kwamba mumeo anahitaji karibu bia 9 kila siku, tangu siku ya kupanda hadi ya kushuka, ili tu arudishe kilichotoka. (Tozo unaweza kuiacha pembeni katika kugawanya huku ikiwa ni asilimia ileile pande zote mbili.) Kwa mnywaji wa kokteli za dola 14 idadi hiyo hushuka hadi 5, ndiyo sababu kadi ileile humfaa mtu mmoja na kumwumiza mwenzake.

Lakini mnazo siku 4 za bandarini, na wanunuzi wengi huzisahau. Siku hizo mtatoka melini asubuhi, mtazunguka mjini au ufukweni, mtakula na kunywa huko kwa fedha nyingine, na mtarudi jioni mmechoka. Kadi haifanyi kazi kwenye mgahawa wa bandarini. Tuseme mumeo anakunywa bia 2 tu melini katika kila siku ya namna hiyo. Ili kadi yake ya dola 578.20 ijilipe kwa bia pekee anahitaji bia 62 katika safari nzima. Ukiondoa 8 za siku za bandarini zinabaki 54, ambazo inabidi azimalize katika siku 3 za baharini, yaani bia 18 kwa siku. Kampuni ya Carnival, kwa kadi yake ya pombe, huweka kikomo cha vinywaji 15 vyenye pombe ndani ya saa 24, na Princess huweka kikomo hichohicho kwa kifurushi chake cha Plus. Kwa hiyo, kwa ratiba kama yenu na kikomo kama hicho, mnywaji wa bia wa kiasi cha mumeo hawezi kuirudisha bei ya kadi hata angetaka kujiumiza kwa makusudi. Ukimhesabia pia maji ya chupa na soda za katikati, idadi itapungua kidogo, lakini haitashuka hadi kiwango ambacho ningemtakia mtu ninayemjali.

Nasema hivyo kwa kuwa niliwahi kufanya kazi kwenye baa ya meli, na sura moja haijanitoka. Alikuwa bwana mmoja mpole, aliyekaa pembeni mwa baa ya bwawani siku ya tano ya safari, mbele yake bia ya saba ikiwa imeshapoteza ubaridi na povu. Aliniuliza kwa sauti ya chini amebakiza ngapi ili fedha yake irudi. Hakuwa na kiu, wala hakuwa na furaha. Macho yalikuwa mekundu kwa jua, na mkewe alikuwa ameshakwenda chumbani peke yake. Nilimpa maji yenye barafu, nikamwambia kwamba fedha ile ilishatoka tangu siku aliyolipa na hakuna bia itakayoirudisha. Fedha iliyolipwa mapema huanza kumdai aliyeilipa, na mtu aliyekuja kupumzika hujikuta ana kazi ya kumaliza.

Kuna kanuni nyingine inayowahusu moja kwa moja. Kampuni kadhaa kubwa, zikiwemo Carnival na Royal Caribbean, hudai kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wenye umri wa kisheria wa kunywa katika chumba hicho wanunue pia. Nia yao ni kuzuia kadi moja isinyweshe watu wawili. Kwenu maana yake ni kwamba hamwezi kumkatia mumeo peke yake. Wewe mwenye glasi tatu za mvinyo kwa wiki nzima utalipishwa sawa naye. Baadhi ya kampuni hukubali kumpa mwenza asiyekunywa kadi ya vinywaji visivyo na pombe badala ya ile ya pombe, akieleza sababu kama ujauzito, dawa au dini, lakini lazima muulize kabla na mpewe jibu kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba kifurushi hununuliwa kwa safari nzima, na ukikinunulia melini, kwa siku zote zilizobaki. Huwezi kuchagua siku 3 za baharini ukaziacha zile 4. Kama ingewezekana, jibu langu kwa wageni wengi lingekuwa tofauti.

Masharti madogo nayo yana uzito. Kadi ya pombe kwa kawaida ina bei ya juu kabisa ya kinywaji inachokigharamia: Royal Caribbean imekuwa ikiweka dola 14 na Carnival dola 20, na kinywaji kinachozidi hapo unakitolea fedha nyingine. Carnival hutoa kinywaji kimoja kwa wakati mmoja na kutaka dakika 5 zipite kabla ya kingine, kwa hiyo usitarajie kumbebea mwenzako. Friji ndogo ya chumbani, chupa nzima za mvinyo na bilauri za ukumbusho kwa kawaida hazimo. Visiwa binafsi vya kampuni vinatofautiana: CocoCay ya Royal Caribbean huko Bahamas huikubali kadi ya melini, ilhali vipo visiwa vingine ambavyo haikubaliki, na siku ya ufukweni ndiyo siku ya kiu. Masharti haya hubadilishwa mara kwa mara, basi soma yale ya siku unayonunua.

Kabla ya kulipia chochote, angalia pia vile ambavyo tayari ni vyenu. Maji ya kawaida, chai, kahawa ya birika na maji baridi ya limau huwa bure karibu kila meli, na juisi huwa bure wakati wa kifungua kinywa. Kwenye meli za Disney soda hutolewa bila malipo wakati wa chakula na kwenye mashine za sitahani. Viking hujumuisha bia na mvinyo wakati wa chakula cha mchana na cha jioni, na kampuni za kifahari kama Silversea, Regent na Seabourn zimekwisha kuingiza vinywaji vingi katika nauli. Ukikuta wakala anauza kadi ya nyongeza kwenye meli ya namna hii, mwulize kwa upole inaongeza nini hasa.

Sitaki uelewe kwamba kifurushi cha siku hakimfai mtu yeyote. Kinamfaa anayekunywa kokteli tangu mchana, pamoja na mwenza wa chumbani mwenye mazoea hayohayo, katika safari yenye siku nyingi za baharini. Chukua meli ya Queen Mary 2, ambayo huvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York kwa usiku 7 katika safari yake ya kawaida bila kutia nanga popote njiani. Hakuna siku ya bandarini inayopotea hapo, na hesabu inakaa vizuri zaidi kwa mnywaji. Kinamfaa pia, kwa namna nyingine, mtu asiyekunywa pombe kabisa lakini ambaye kila baada ya saa mbili anataka soda, juisi ya kukamua, maji ya chupa na kapuchino. Kadi ya vinywaji visivyo na pombe huwa nafuu sana kuliko ile kubwa, na mtu wa namna hiyo huifikia bei yake bila kujitahidi. Kwako soda 2 kwa siku hazitoshi: kama kadi ya soda ni dola 12 kwa siku, unahitaji soda 4 kila siku ndipo uanze kupata faida.

Huenda wakala akabadili lugha na kusema kadi ni "bure" ndani ya nauli. Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wawe waangalifu kuliko mahali pengine pote. Norwegian, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikitoa kifurushi cha vinywaji kama zawadi ya nauli, lakini mgeni hulipa tozo ya huduma ya asilimia 20 ya thamani ya kifurushi hicho, kiasi ambacho kwa watu wawili kinaweza kufikia sehemu kubwa ya gharama ya yote ambayo nyinyi mngekunywa. Princess nao huuza nauli inayounganisha vinywaji, intaneti na bakshishi za wahudumu. Dawa ya miunganiko hii ni kutoa: chukua tofauti kati ya nauli ya kawaida na ile yenye nyongeza, ondoa gharama ya intaneti na bakshishi ambazo mngelipa hata hivyo, na kinachobaki ndicho bei halisi ya vinywaji. Wakati mwingine kinachobaki ni kidogo kiasi cha kufaa hata mnywaji wa kiasi kama mumeo, na sitasita kumwambia achukue. Lakini kama intaneti hamkuwa na mpango wa kuinunua, msiiondoe katika hesabu eti kwa sababu imeorodheshwa.

Iko hoja moja ya wapenda kadi ambayo naiheshimu, nayo ni utulivu wa moyo. Melini hakuna anayetoa fedha taslimu. Kila kinywaji huingizwa kwenye akaunti yako kwa kadi ya chumba, na ankara ya usiku wa mwisho imewashtua watu wengi. Anayelipa kabla analala akijua amemaliza. Hata hivyo, kwenu utulivu huo ungegharimu dola 784.70, na upo mwingine usiogharimu kitu: kubalianeni kiasi cha safari nzima, tuseme dola 400, kisha kila jioni kabla ya chakula mwangalie akaunti yenu kwenye simu kwa programu ya kampuni, au kwenye runinga ya chumbani, au kwenye dawati la wageni. Ni kazi ya dakika 2, na makosa ya kuandikiwa kinywaji ambacho hamkukiagiza husahihishwa kwa urahisi mkiyaona siku ileile.

Sasa nieleze ambacho ningefanya mahali penu. Ningeuliza kama meli ina kadi ya kahawa ya vikombe 15. Tuseme ni dola 45, na tozo yake 53.10; kahawa zako 14 zingekugharimu 82.60 ukizilipia moja moja, kwa hiyo utaokoa dola 29.50 na kubakiwa na kikombe kimoja cha kumpa mumeo. Inunue asubuhi ya kwanza, si siku ya nne, na uulize kama vikombe vilivyobaki vinahamia safari nyingine. Asubuhi za kushuka nilikuwa nikiokota juu ya kaunta kadi za aina hii zenye visanduku vitano au sita ambavyo havijatobolewa, zimeachwa na watu waliopenda wazo la kahawa kuliko kahawa yenyewe. Wewe mwenye vikombe viwili kwa siku kila siku si mmoja wao.

Bia za mumeo mzilipie moja moja. Tazameni ofa za siku kwenye baa, hasa ndoo ya chupa kadhaa kwa bei moja, ambayo meli nyingi hutoa na ambayo hupunguza bei ya kila chupa bila kumfunga mtu kwa wiki nzima. Kama baada ya siku ya kwanza mtaona kweli mnakunywa zaidi ya mlivyodhani, meli nyingi bado zitawauzia kifurushi cha siku zilizobaki, ingawa bei ya melini kwa kawaida iko juu kuliko ile ya kabla ya safari. Na ikitokea mmeshalipia kabla ya kusoma jibu hili, msikate tamaa, kwani baadhi ya kampuni, Royal Caribbean ikiwemo, huruhusu kufuta ununuzi huo kabla ya meli kuondoka na kurudishiwa fedha. Mwombeni wakala awaonyeshe tarehe ya mwisho.

Kuhusu mvinyo na soda, someni kanuni ya mizigo. Carnival humruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, na kila abiria kubeba makopo 12 ya soda ya mililita 355, yote siku ya kupanda. Chupa moja hutoa glasi 5 za kawaida, kwa hiyo glasi zako tatu zimo na mbili za mumeo pia, na makopo 12 yanakaribia soda zako 14. Mkiipeleka chupa kwenye ukumbi wa chakula mtatozwa ada ya kuifungua, ambayo Carnival imekuwa ikiweka dola 15, basi mimi ningeinywea kwenye kibaraza cha chumba kabla ya chakula. Iwekeni kwenye begi la mkononi mtakalopita nalo kwenye ukaguzi, si kwenye sanduku mtakalowakabidhi wapagazi, kwa sababu masanduku yenye chupa huzuiliwa chini na mwenyewe huitwa kuja kulifungua wakati wenzake wanaangalia meli ikiiacha gati.